Siku moja Idjwi kwa kanoti: safari nzuri, ukuta mbaya

Mwezi Julai 2024, katikati ya kiangazi, nililipia safari ya siku moja kutoka Bukavu, mashariki mwa Kongo, hadi kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu, ambayo kampuni moja ndogo ya hapa mjini huwauzia watu wa familia, vikundi vya kanisa na wageni wa mashirika. Sitaitaja kampuni hiyo kwa jina, wala ghuba inakoteremsha watu, kwa kuwa jambo ninalolilalamikia bado linazungumzwa kati ya wakazi na wenye nyumba ya wageni iliyojengwa pale, na sipendi andiko langu liwafungie mlango. Mimi ni mtoto wa Idjwi kwa upande wa mama. Nilikwenda kama mteja aliyelipa pesa yake, nikiwa na wadogo zangu wawili, na nitaieleza safari kwa mpangilio ambao mteja angependa kuujua, ila nitakaa zaidi ghubani, kwa sababu ndiko nilikoiacha roho yangu.

Bei ilikuwa dola 40 kwa mtu mzima na nusu yake kwa mtoto. Ndani ya bei hiyo kuna kanoti ya kwenda na kurudi, matembezi ya kupanda kilimani pamoja na kijana wa kuongoza, chakula cha mchana, na saa mbili za kuogelea au kupumzika ufukoni.

Kuhusu kanoti sina lawama. Tuliondoka saa moja na nusu asubuhi, wakati ziwa bado limelala, na kapiteni hakuwasha mashine mpaka kila mmoja, pamoja na mtoto mchanga aliyekuwa mgongoni mwa mama yake, alipovaa jile, yaani koti la kuokolea majini, na kufungwa kamba zake zote tatu. Jambo hilo si dogo kwetu. Aprili 2019, baada ya mashua kuzama upande wa Kalehe na kuua watu wengi, Rais Tshisekedi alifika huko na kuagiza kwamba kila abiria wa ziwa hili avae jile, lakini yeyote anayesafiri Kivu anajua ni mara ngapi jile hukaa zimerundikwa chini ya benchi zikiwa zimelowa mafuta. Za kampuni hii zilikuwa safi na zilimtosha kila mtu. Tulikuwa abiria 14 katika kanoti yenye viti 16, na mzee mmoja alipotaka kupakia magunia mawili ya simenti, kapiteni alimwambia kwa heshima, «Papa, hayo yatangoja mashua ya mizigo.» Ningempa kapiteni huyo alama zote.

Matembezi nayo yalikuwa mazuri: mashamba ya nanasi, kahawa iliyokuwa imeanikwa juu ya meza za mbao, migomba, na mtu akifika juu huona ziwa pande zote mbili. Kijana aliyetuongoza alijua mambo yake, ikiwemo kwamba Idjwi ni kisiwa cha pili kwa ukubwa katika maziwa ya Afrika baada ya Ukerewe, na kwamba wanaoishi humo wanazidi watu laki mbili, karibu wote wakitegemea jembe na nyavu. Kijana alitamka maneno ya mwisho polepole, akitazama chini tulikotoka, nami nikadhani amechoka.

Tulirudi ghubani saa sita na nusu. Meza ilikuwa imeandaliwa chini ya mwembe: bugali wa muhogo, sombe (majani ya muhogo), sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga, tilapia mzima kwa kila watu wawili, na pilipili ya kusaga iliyonitoa machozi ya furaha. Sambaza walikuwa wa usiku ule ule, wakavu kwa nje na laini kwa ndani, hakuna hata mmoja aliyebaki. Tilapia alikuwa na nyama nzuri lakini bila ile ladha niliyoijua utotoni, basi nikamwendea mama aliyekuwa jikoni kumwuliza amemtoa wapi. Alinijibu bila kuficha: «Huyu ni wa friji. Amekuja na kanoti yenu, kwenye lile boksi la bluu.» Samaki wa kuagiza, aliyenunuliwa Bukavu akiwa barafu, amesafirishwa hadi kisiwani ili tumle hatua kumi kutoka kwenye maji ambamo bibi yangu alikuwa akituma watoto kwenda kumchukua tilapia wa jioni. Nilimwuliza kama ndivyo inavyokuwa siku zote. Akasema kwamba mwaka wa kwanza wa kazi walikuwa wakinunua kwa wavuvi wa pale pale, na siku hizi huwapata mara moja moja tu.

Hapo ndipo nilipoacha kuogelea, nikaomba mtumbwi mdogo kwa mvuvi aliyekuwa amekaa akishona nyavu, tukazunguka ghuba yote kwa kasia. Yeyote anayefikiria kulipia safari hii anastahili kujua nilichokiona.

Nyumba ya wageni ina vyumba vinane na baraza pana, nayo imesogezwa mbele hadi kuingia majini. Ili kupata nafasi hiyo, waliojenga walimwaga mawe na udongo ziwani, wakainua ukuta wa simenti unaofuata ukingo kwa urefu ambao mimi niliukadiria kuwa hatua 90, kisha wakang'oa matete yote yaliyokuwa mbele yake ili mgeni aone maji akiwa kitandani. Mwisho wa ukuta kuna gati la zege kwa ajili ya kanoti. Kwa macho ya mtu aliyetoka mjini ni mahali pa kupendeza sana, na picha nilizokuwa nimeziona kabla ya kulipa zilikuwa za hapo.

Mvuvi alipeleka mtumbwi polepole hadi nje kidogo ya mahali ukuta unapokoma, upande ambao matete bado yapo, akaniambia niiname nitazame chini. Maji ya Kivu wakati wa kiangazi ni maangavu mno. Katika mchanga, kwenye kina kisichofika kiuno, niliona mashimo ya duara, kila moja likiwa kama sahani ya kuliwa na familia, kingo zake zimesafishwa vizuri, na juu ya moja alikuwepo samaki akizunguka na kumfukuza kila aliyesogea. Hivyo ni viota vya tilapia. Dume hukichimba kiota kwa mdomo na mkia, jike hutaga humo, kisha huyakusanya mayai kinywani mwake na kuyatunza humo hata vitoto vinapokuwa vimetoka. Nilihesabu viota saba. Baadaye tulirudi mbele ya ukuta, tukapita kwa mwendo ule ule kuanzia mwanzo hadi mwisho, na chini yetu kulikuwa na vipande vya zege, mifuko ya simenti iliyokakamaa na tope jekundu lililokuwa likiinuka kila kasia lilipogusa. Sikuona kiota hata kimoja.

Inafaa nieleze kwa nini ukuta wa hatua 90 unaweza kuumiza ziwa lenye ukubwa wa Kivu, maana meneja wa nyumba ya wageni aliniambia neno ambalo nimelisikia pia kwa watu wasomi wa Bukavu: kwamba ziwa ni kubwa na samaki watahamia kwingine. Ziwa ni kubwa, ni kweli, na kina chake hufika karibu mita 480. Lakini chini ya mita 60 au 70 hivi maji yake hayana oksijeni, yamejaa gesi ya methani na kaboni dayoksaidi iliyoyeyuka, na hakuna samaki anayeweza kuishi humo. Uhai wote wa Kivu umo katika tabaka la juu. Zaidi ya hayo, kingo za ziwa hili ni za milima iliyozama: katika sehemu nyingi ukitoka ufukoni hatua chache tu unakutana na shimo. Kwa hiyo maji ya kina kifupi yenye mchanga na matete ni machache, yamejificha katika ghuba kama hii, na ndimo tilapia anamozalia, na ndimo watoto wa sambaza wanamokulia kabla ya kutoka kwenda maji makuu. Sambaza huyo, ambaye aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, ndiye anayelisha Bukavu, Goma na vijiji vyote vya katikati. Anayeziba ghuba moja ameziba chumba cha uzazi kinachotegemewa na watu wasiowahi hata kulisikia jina la ghuba hiyo.

Kuna na suala la taa. Wavuvi wa sambaza hufanya kazi usiku wa giza, kwa mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu ya mikaratusi, wakiwa wametundika taa ili kuwavuta samaki juu ya wavu. Nyumba ya wageni imefunga taa kubwa nne za ulinzi zinazoelekea ziwani na kuwaka hadi asubuhi. Mvuvi wangu alisema kwamba tangu zifungwe, wao hulazimika kwenda mbali zaidi kwa kasia, nje ya kinga ya ghuba, mahali ambapo upepo wa alfajiri huwakuta. Hakulisema kwa hasira. Alilisema huku akinionyesha kwa kidole mahali walipokuwa wakifunga mitumbwi yao zamani, ambapo sasa pana ngazi za kuteremkia wageni.

Wakazi hawakukaa kimya, na ombi lao ndilo lililonifanya niandike. Mzee mmoja aliyekuwa amehudhuria mikutano yao alinikaribisha kwake, akanipa kiti na kikombe cha kahawa, akaniambia: «Mwanangu, sisi hatukatai nyumba. Tunakataa nyumba kuingia majini.» Walichoandika, na wengi wao wakatia alama ya kidole gumba, ni kwamba nusu ya ghuba ya upande wa kaskazini itengwe, asivue mtu humo, wala asifunge chombo, wao wenyewe wakiwa wa kwanza kujizuia, matete yaachwe yaote tena mbele ya ukuta, taa zigeuzwe zielekee nchi kavu, shimo la choo lihamishwe juu, mbali na ukingo, na vyumba vingine sita vilivyokusudiwa kujengwa visiguse ufuko. Barua ilipelekwa kwa chefu wa kijiji, ikapanda hadi kwa watu wa Mwami, mtawala wa jadi, na nakala yake ikafika Bugarula kwenye ofisi za teritwari. Miezi mitano baadaye walikuwa bado wanaambiwa warudi wiki ijayo.

Nimeisoma nakala hiyo mara mbili, na sioni ndani yake neno hata moja la kupita kiasi. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira yenye afya. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 kuhusu kanuni za msingi za kulinda mazingira inadai kwamba mradi unaoweza kuyaathiri mazingira ufanyiwe kwanza uchunguzi wa madhara yake, na wananchi waulizwe hadharani kabla ya kazi kuanza. Nilimwuliza meneja kama uchunguzi huo ulifanyika; alinionyesha karatasi za ardhi, zilizo sawa kwa kadiri niwezavyo kuona, lakini karatasi ya ardhi haijibu swali la maji. Ng'ambo ya pili, upande wa Rwanda, sheria imetenga ukanda wa mita 50 kutoka kwenye ukingo wa ziwa, na wavuvi wa huko hufungiwa ziwa kwa muda kila mwaka ili samaki wazaliane. Maji ni yale yale, na samaki hawana pasipoti.

Wapo watakaosema kwamba watu wa kisiwani hawawezi kushindana na wenye pesa. Lamu walishindana. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wa huko walipwe shilingi bilioni 1.76 za Kenya kwa hasara waliyoipata kutokana na ujenzi wa bandari, na tarehe 26 Juni 2019 mahakama ya mazingira ya nchi hiyo ikafuta kibali cha kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichokusudiwa kujengwa katika pwani yao, moja ya sababu ikiwa ni kwamba wakazi hawakushirikishwa ipasavyo. Wale walikuwa na bahari na mawakili. Sisi tuna ghuba na alama za vidole gumba. Hata hivyo dai ni lile lile: tuulizwe kabla maji yetu hayajafukiwa.

Wala si kweli kwamba hifadhi na wageni haviwezi kukaa pamoja, na ningependa meneja alifikirie hili kwa makini kwa sababu ni kwa faida yake. Katika kisiwa cha Chumbe, karibu na Unguja, miamba ya matumbawe ya upande wa magharibi ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994. Uvuvi umekatazwa humo, nyumba za wageni ni saba tu, mapaa yake hukinga maji ya mvua, vyoo ni vya mboji visivyomwaga kitu baharini, na waliokuwa wavuvi walifundishwa wakawa walinzi wa hifadhi na waongozaji wa wageni. Watu huvuka dunia kwenda kulala pale, kwa bei kubwa kuliko yetu, kwa sababu tu maji yako hai. Mgeni wa Idjwi angelipa pia kwa furaha kuonyeshwa viota vile saba. Mimi nilivitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyoitazama baraza.

Haki inanidai niseme na upande mwingine. Nyumba ile imeajiri watu 11 wa kijiji, wakiwemo yule mama wa jikoni na kijana aliyetuongoza, na mshahara wao hulipwa mwisho wa mwezi bila kuchelewa, jambo ambalo si la kawaida huku kwetu. Wakazi nao wana makosa yao: nimeona kwa macho yangu nyavu za vyandarua, zile zinazoitwa kaningini, zimeanikwa nyuma ya nyumba mbili, na wavu wa aina hiyo hauachi hata kitoto cha samaki cha urefu wa kucha. Milima imelimwa hadi kileleni, na mvua ikinyesha udongo hushuka ziwani bila kuhitaji msaada wa nyumba ya wageni. Sisi wa Bukavu, tunaokwenda kupumzika kule, ndio ambao taka zetu za plastiki huelea hadi mahali mto Ruzizi unapotoka ziwani na kuziba mitambo ya bwawa la umeme. Mzee alikubali yote hayo. Aliongeza kwamba ndiyo maana barua yao ilianza kwa kujikataza wao wenyewe, na kwamba kijana yeyote atakayekutwa na kaningini katika sehemu iliyotengwa, wavu wake utachomwa mbele ya watu.

Basi hukumu yangu kama mteja ni hii. Kanoti, kapiteni na kijana wa kuongoza ningewapendekeza kwa ndugu yeyote bila kusita. Chakula ni kizuri, ingawa kumlipisha mtu bei ya samaki wa Idjwi kwa samaki wa barafu bila kumwambia si uungwana, na orodha ya vyakula ingepaswa kuandika ukweli. Kulala katika nyumba ile sipendekezi kwa sasa, na sitapendekeza kabla ombi la wakazi halijajibiwa kwa maandishi. Anayependa kwenda anaweza kuomba bei ya kanoti na matembezi peke yake. Nilipouliza waliniambia ni dola 25, ingawa hawaitangazi. Chakula atakipata kwa akina mama walio karibu na bandari ndogo, mwendo wa robo saa kwa miguu, ambao hukaanga sambaza na kuuza nanasi lililomenywa, na pesa hiyo itabaki kijijini.

Kabla ya kuyatoa haya nilimpelekea meneja maandishi yangu yote ili asije akasema nimemvizia. Alinipigia simu siku ya tatu, tukazungumza kwa adabu karibu saa nzima. Kuhusu taa, alisema atazigeuza, na wiki iliyofuata mvuvi aliyenipeleka kwa mtumbwi alinithibitishia kwamba mbili kati ya nne zimekwisha kugeuzwa. Kuhusu choo, anasubiri fundi. Kuhusu tilapia, alicheka, kisha akasema orodha itasahihishwa. Kuhusu ukuta, matete na vile vyumba sita, alinyamaza kidogo, akaniambia kwamba uamuzi si wake, ni wa mwenye mali ambaye haishi Kongo. Nilimwomba ampelekee nakala ya barua ya wakazi, kurasa zote mbili pamoja na ule ukurasa wa vidole gumba, naye akakubali kuipokea. Niliikabidhi kwa kapiteni Jumamosi asubuhi ndani ya bahasha ya plastiki ili isilowe, akaitia kifuani, chini ya jile yake.